Farasi atakubeba, ila hatakupumulia

*"Daktari shikamoo. Mimi na rafiki zangu wawili tumeshalipia nusu ya safari ya Kirgizistani mwezi wa saba. Tunafika Bishkek alfajiri tukitokea Dubai, siku hiyohiyo tunaendeshwa mpaka ziwa Song-Kul, tunalala kwenye mahema ya wafugaji, siku mbili tunapanda farasi kushuka mpaka kijiji cha Kyzart, halafu gari mpaka Karakol, na kesho yake tunaanza kutembea kwa miguu siku mbili kupita Ala-Kul. Nina miaka 44, kilo 87, nakaa Dar. Farasi sijawahi kupanda, punda nilipanda Lamu mara moja. Kilimanjaro nilijaribu mwaka juzi, Horombo nikatapika usiku kucha wakanishusha. Muongozaji anasema huku hakuna shida maana kazi yote anafanya farasi, na Song-Kul ni chini kuliko Horombo. Mwenzangu anasema tumeze Diamox tu yaishe. Ni kweli? Na nasikia wanakunywa maziwa ya farasi, mimi Muislamu. Halafu sijui kama ina maana yoyote, upande wa mama kuna selimundu, mimi sijawahi kupima."*

Marahaba dada yangu. Umeuliza mambo mengi na naona unachoogopa ni yale ya Horombo yasijirudie ukiwa mbali na kwenu, sehemu ambayo hata lugha huelewani na mtu. Ni woga wa haki kabisa. Ila hilo ulilolitupia mwishoni kama vile halina uzito ndilo lililonifanya nivute kiti, kwa hiyo tutalifikia na usiache kusoma katikati.

Tuanze na muongozaji wako. Hajakudanganya, amesema nusu ya ukweli. Song-Kul iko mita 3,016 juu ya bahari na Horombo iko 3,720, kwa hiyo ndiyo, ziwa liko chini kwa mita mia saba hivi. Lakini wewe Horombo hukufika siku ya kwanza. Ulilala Mandara kwanza, mita 2,720, na kabla ya Mandara bila shaka ulilala Moshi au Marangu. Sasa angalia ratiba yenu mpya: Bishkek iko kama mita 800 tu, mnashuka kwenye ndege mna usingizi, mnaingia kwenye gari, jioni mko 3,016 mnapewa chai. Yaani usiku wenu wa kwanza mnalala juu kuliko Mandara, bila kituo chochote njiani, na kwa gari. Ukitaka kulinganisha, hicho ndicho cha kulinganisha, Horombo iache pembeni.

Na hili la farasi kufanya kazi. Watu wengi wanadhani ugonjwa wa mwinuko ni uchovu, kwamba unaumwa kwa sababu umetembea sana, sasa ukibebwa hutaumwa. Hapana. Hewa ya kule juu ina oksijeni asilimia 21 vilevile kama ya Kariakoo, kinachopungua ni mgandamizo wa hewa unaoisukuma oksijeni iingie kwenye damu. Kwenye mita 3,000 mgandamizo unabaki kama asilimia 70 ya ule wa pwani. Kwa hiyo kila pumzi unayovuta ni kama umepewa theluthi mbili na kidogo ya ulichozoea, uwe umekaa juu ya farasi, ndani ya gari au umelala. Kutumia nguvu sana kunaongeza tatizo, hilo kweli, lakini kutotumia nguvu hakuliondoi. Na gari na farasi vina ubaya wao, vinakupandisha haraka kuliko miguu yako ingekubali. Wapagazi wa Kilimanjaro wanakwambia pole pole siyo kwa ajili ya magoti tu.

Mwili unazoea vipi? Ukifika juu vihisio vilivyopo kwenye mishipa ya shingo vinagundua oksijeni imepungua, vinauambia ubongo uongeze kupumua. Unapumua haraka na kwa kina. Safi. Lakini ukipumua hivyo unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno, damu inapoteza tindikali yake ya kawaida, na ubongo ukiona hivyo unasema basi punguza kupumua. Kwa hiyo kuna mvutano, upande mmoja unasema ongeza na mwingine unasema punguza, na usiku ukilala huyo wa kupunguza ndo anashinda. Ndiyo maana mtu aliyelala mwinuko mkubwa unamsikia anapumua haraka haraka, kisha kimya, sekunde kadhaa kimya, alafu anashtuka na kuvuta pumzi kubwa. Mara ya kwanza niliposikia hivyo kwa mwenzangu pale ziwani nilimwamsha nikidhani anakata roho. Figo ndizo zinazomaliza ugomvi, zinatoa magadi ya ziada kwenye mkojo mpaka damu ikae sawa, ila figo hazina haraka, zinataka siku kadhaa. Sasa hizo siku ndizo ratiba yenu imezikata.

Hapo utaelewa na Diamox ni nini. Jina lake la kitaalamu ni asetazolamidi na inachofanya ni kuzisukuma figo zitoe hayo magadi mapema. Haizibi dalili kama panadoli, inaharakisha kuzoea. Ni dawa nzuri, mimi mwenyewe naiandika, na kwa mtu mwenye historia kama yako ningeifikiria kabisa. Kwa kinga watu wengi wazima hupewa miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Lakini usinunue dirishani ukagawana na wenzako kama pipi. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme kwa daktari, mwenye shida ya figo aseme, mjamzito aseme. Inachoma choma vidole, inakojoza, na soda inakuwa na ladha ya ajabu. Cha muhimu zaidi, haiwezi kuigeuza ratiba mbovu kuwa nzuri. Mwenzako aliposema tumeze yaishe, hapo "yaishe" ndo pana kasoro.

Habari njema ni kwamba dawa ya ratiba yenu ni rahisi na haihitaji hata siku nyingi za ziada. Igeuzeni. Badala ya kwenda ziwani kwa gari na kushuka Kyzart kwa farasi, laleni usiku wa kwanza Kochkor, mji mdogo uko kama mita 1,800, muoge, mlale ndege itoke mwilini. Kesho yake mwende Kyzart ndipo mpande farasi, mlale jailoo ya Kilemche (jailoo ni malisho ya kiangazi, wafugaji wanahamia na mifugo na familia nzima), ambayo bado iko chini kuliko ziwa. Siku ya tatu mnavuka kilima kuingia ziwani na mnalala pale usiku mbili kama mnaweza. Njia ileile, farasi walewale, ila mwili umepewa ngazi badala ya kurushwa ghorofani. Kanuni tunayoitumia ni kwamba ukishapita mita 2,500 au 3,000 usiongeze zaidi ya kama mita 500 kwa usiku pale unapolala. Mchana unaweza kupanda juu zaidi na kushuka, hesabu ni ya mahali unapoweka kichwa. Muulize muongozaji, akisema haiwezekani muulize kwa nini, maana njia hiyo ya Kyzart, Kilemche, ziwa ni ya kawaida sana kule, siyo kitu nimekitunga.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hiyo yenu. Safari yangu ya kwanza nilijifanya daktari wa mlima, nimekaa Moshi miaka, nikakubali kupelekwa moja kwa moja mpaka ziwani. Saa nane usiku kichwa kinapasuka, nimekaa kitako kwenye godoro namtazama mama mwenye nyumba akichochea jiko kwa tezek, mavi makavu ya ng'ombe, maana pale hakuna mti hata mmoja. Akanitazama, akacheka kidogo, akanipa chai. Alishaona wengi wa aina yangu.

Na hilo jiko nalo lina jambo. Hema lao, boz üy, limefunikwa kwa sufu nzito na usiku wa baridi wanafunga mpaka ule mduara wa juu, tunduk, uleule uliochorwa kwenye bendera yao. Jiko bovu au bomba lililoziba linaweza kujaza hewa ya sumu ya kabonimonoksaidi, ambayo haina harufu na dalili zake ni kichwa kuuma na kichefuchefu, sawasawa kabisa na mwinuko. Kwa hiyo watu wawili watatu wa hema moja wakiamka na kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza kabla hamjaanza kujadili Diamox. Wengi wanaacha moto uzime wenyewe na wanajifunika mablanketi mazito, na ni sawa. Beba nguo za baridi kweli, usiku hata mwezi wa saba unaweza kukaribia nyuzi sifuri na theluji kudondoka siyo ajabu.

Haya, farasi sasa. Punda wa Lamu hatusaidii sana dada, samahani. Farasi wa Kirgizi ni mfupi, mgumu, ana miguu ya uhakika kwenye mawe kuliko wewe na mimi, na kilo 87 anabeba, ila mwambie muongozaji uzito wako wa kweli sasa hivi kwa maandishi, ongeza nguo na viatu, ili asikuletee farasi mdogo asubuhi ya safari mkaanza kutazamana. Wanamwongoza kwa mkono mmoja, hatamu zote mkono wa kushoto, ukitaka kwenda kulia unapeleka mkono kulia na hatamu inagusa shingo. Kumwambia twende unasema "chu!". Usimkaze lijamu mdomoni kila dakika, na mkiteremka mwachie shingo, anahitaji kuona anapoweka miguu.

Kitakachokuuma siyo makalio peke yake kama watu wanavyotania. Ni misuli ya ndani ya paja ambayo sisi wa kukaa ofisini hatuitumii kabisa, na magoti. Magoti yakiuma mara nyingi vikuku (vile vya kuwekea miguu) vimefungwa vifupi, yaani goti limekunjwa masaa matano mfululizo. Mimi siku ya pili nilishindwa kushuka, nikashushwa kama gunia, na kijana aliyekuwa na farasi, miaka kumi na mbili hivi, akashika ule mkanda akaurefusha matundu mawili bila hata kuniuliza, kesho yake nikawa mtu mwingine. Kwa hiyo ukisikia maumivu simama useme mapema, usivumilie kwa aibu. Na kabla ya kuondoka tafuta sehemu ya kujifunza, Arusha na Nairobi mazizi yapo, hata mara nne tano za saa mojamoja zitakufundisha kukaa, kushuka na kutokuogopa. Vaa suruali isiyo na mshono mnene ndani ya paja. Kiatu kiwe na kisigino kidogo na kisiwe kipana sana, maana mabuti makubwa ya mlimani yananasa kwenye kikuku, ukianguka mguu umenasa unaburutwa, na hiyo ndiyo ajali ninayoiogopa kuliko zote. Kofia ngumu nenda nayo mwenyewe, huko mara nyingi hawana. Na usikubali kufungwa kwenye tandiko eti usianguke.

Kuna kitu kimoja kuhusu farasi na mwinuko ambacho sijaona watu wakikisema na mimi nakiona cha hatari. Dalili kubwa ya ubongo kuanza kuvimba ni kuyumba unapotembea. Sasa mtu aliyekaa juu ya farasi hatembei! Anaweza kuwa ameshaanza kuchanganyikiwa, amekaa kimya, wenzake wanadhani anafurahia mandhari. Kwa hiyo jiwekeeni utaratibu, kila mchana mkishuka kula na kila jioni, kila mtu atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kinagusa kidole, huku mwingine anatazama. Asiyeweza, au anayeongea vitu visivyoeleweka, au anayehema akiwa amekaa tu, au anakohoa makohozi yenye povu au wekunduwekundu, huyo anashuka saa hiyohiyo, hata usiku, na hashuki peke yake. Hamsubiri asubuhi. Kichwa cha kawaida na kichefuchefu kidogo ni tofauti, hapo unakaa palepale ulipo, unakunywa maji, unameza panadoli, hupandi tena mpaka kiishe, na kikizidi unashuka.

Maji kunywa, ndugu yangu. Wanawake wengi wakiwa kwenye farasi wanajinyima maji kwa sababu kushuka kujisaidia ni kazi na nyika ya Song-Kul haina hata kichaka. Tatueni hilo kwa kitenge au kanga pana, mwenzako anashika, mambo yanaisha. Na mito vukeni asubuhi, jua la mchana linayeyusha theluji na mto uliokuwa magotini saa tatu unaweza kuwa tumboni kwa farasi saa kumi jioni. Radi pia zinapenda alasiri, muwe mmeshatoka kwenye kilele.

Ala-Kul nitakwambia wazi, kwako ningeifanya ya hiari. Ziwa lenyewe liko kama mita 3,500, njia ya kuvukia kama 3,900, na ng'ambo ya pili mteremko wake ni mkali wa mawe madogo yanayoteleza, unashuka kwa miguu yako hakuna farasi wa kukuokoa hapo, na ukiumwa kileleni kurudi na kwenda mbele vyote ni kazi. Uzuri ni kwamba mkishalala usiku mbili Song-Kul bila shida mwili utakuwa umeshazoea sehemu kubwa, na mazoea hayo yanabaki siku kadhaa, kwa hiyo mpangilio wa Song-Kul kwanza Ala-Kul baadaye ni sahihi, hapo muongozaji nampa maksi zake. (Kilimanjaro ya mwaka juzi haikusaidii kitu, mazoea yanaisha ndani ya wiki chache.) Lakini wekeni njia ya pili kabisa kabla hamjaondoka: kama Song-Kul ulisumbuka, wenzako wavuke na wewe upande kutokea kijiji cha Ak-Suu mpaka Altyn Arashan, kwa miguu au yale magari ya kizamani ya Kirusi, iko chini, kama mita 2,500, kuna chemchemi za maji moto, mnakutana huko wakiwa wamechoka na wewe umeshaoga. Mimi mwenyewe sasa hivi ningechagua hiyo bila kufikiria mara mbili, lakini mimi ni mvivu.

Sasa selimundu. Binadamu anaweza kurithi kinasaba cha ugonjwa huu wa damu kwa wazazi wote wawili, huyo ndiye mgonjwa, au kwa mzazi mmoja, huyo tunamwita mbebaji, na mbebaji anaweza kuishi miaka 44 akiwa mzima kabisa asijue. Kwetu Afrika Mashariki wabebaji ni wengi kwa sababu kinasaba hicho kimoja kinamkinga mtoto na malaria kali. Tatizo ni kwamba oksijeni ikipungua sana na mwili ukikauka maji, chembe nyekundu za mbebaji nazo zinaweza kujikunja kama mundu. Bandama ndiyo inayoumia kwanza, damu humo inapita taratibu na oksijeni yake ni kidogo hata siku za kawaida, zile chembe zinakwama, sehemu ya bandama inakufa. Kesi hizi si nyingi, wabebaji wengi wanapanda milima wanarudi salama, sitaki ukose usingizi. Lakini ni hatari ya kweli, na waongozaji wa Asia ya Kati wengi hawajawahi kuisikia maana kwao haipo sana, wataona mtu anashika tumbo watasema kymyz, hayo maziwa ya farasi, imemkataa.

Kwa hiyo kabla hujalipa ile nusu ya pili nenda hospitali ya mkoa au ya rufaa, mwambie daktari ana kwa ana nataka kipimo cha selimundu cha kutenganisha aina za himoglobini, siyo kile cha haraka cha ndiyo au hapana peke yake. Wakikuta huna, jambo limeisha. Wakikuta ni mbebaji, safari haijafa, ila ratiba ile iliyogeuzwa inakuwa lazima na siyo ushauri, Ala-Kul tunaiondoa, maji unakunywa kwa saa, na maumivu yoyote makali chini ya mbavu za kushoto unashuka na kwenda hospitali bila mjadala, hospitali kubwa ziko Bishkek. Wakikuta ni mgonjwa wa kiwango chepesi ambaye hakugundulika, na hutokea, basi mwinuko huu siyo wako na tutaongea mengine. Hukohuko muombe akupime na presha, na mwambie habari nzima ya Horombo. Bima pia isome kwa macho yako, nyingi hazilipii mlima wa zaidi ya mita fulani na nyingine hazilipii kupanda farasi, yaani wewe unaweza kukosa kote kuwili, na kule kuokolewa kwa helikopta siyo kitu cha kupiga simu tu, ziwani penyewe mtandao ni wa kubahatisha.

Maziwa ya farasi ndiyo, kymyz, yanachachushwa kwa kupigwapigwa kwenye mfuko wa ngozi au pipa, na uchachu huo unaleta kilevi kidogo, asilimia moja au mbili hivi. Wakirgizi wengi ni Waislamu na wanayanywa, lakini wewe muulize sheikh wako siyo mimi. Ukikataa weka mkono kifuani, pokea chai, hakuna atakayekasirika. Ukikubali anza na vijiko viwili maana tumbo geni linaharisha, na kuharisha mwinuko huo ni kupoteza maji ambayo tumeshasema unayahitaji. Nyama ya farasi nayo ipo, kwa sisi wa madhehebu ya Shafi ni halali, ila kama roho haitaki, kula mkate wao na kaimak, ile malai nzito, na jemu. Utanenepa.

Majibu ya kipimo yakitoka niandikie, na nitumie ratiba mpya kabla hujatuma hela.